Pipa la Garufalia: Glasi Isiyogongwa

Mlionisimamisha sokoni na gatini wiki nzima kuniuliza kama Garufalia aliliangusha lile sinia, pokeeni jibu lenu: hakuliangusha.

Wengine mlitaka aliangushe. Nawajua. Mlitaka glasi zipasuke, divai iruke mpaka kwenye koti jipya la Menelao, na mama yake apige ukunga. Tulieni. Ya leo ni makubwa kuliko glasi.

Bibi Evterpi, mama yake Menelao, alikuwa bado amenyoosha kidole. Yale maneno tuliyoachana nayo yalikuwa hayajapoa: "Hilo sinia mpe mdogo wako alilete yeye."

Na huku kwetu, milimani juu ya mji wa Patra, hata kiziwi anajua maana yake. Wageni wa posa wakija, msichana anayewaletea sinia ndiye anayeposwa. Hakuna mwingine.

Garufalia alikuwa amelisubiri sinia hilo miaka saba, tangu Menelao alipopanda treni kwenda kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji. Na divai iliyokuwa kwenye zile glasi ndogo ilitoka kwenye pipa ambalo marehemu baba yake alilijaza mwaka aliozaliwa yeye. Mavrodafni, nyeusi, tamu, nzito. Pipa la Garufalia, ndivyo kijiji kizima kilivyoliita. Lisifunguliwe, alisema baba, mpaka siku mwanangu atakapopeleka sinia.

Asubuhi ya Jumapili ile alilifungua kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama Menelao," akasema taratibu, "nadhani umekosea jina."

"Sijakosea."

"Garufalia ni mimi."

"Nakujua, binti yangu, nimekuona ukitambaa. Mpe Froso sinia."

Froso, mdogo wake, miaka kumi na tisa, utepe wa bluu kichwani, akaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Mjomba Linardos, fundi mapipa, kaka wa mama yao, akacheka peke yake. "Jamani wanawake! Hata posa mnaifanyia utani?" Alipoona hakuna aliyemfuata, akainama akalamba kijiko chake, ingawa kilikuwa hakina kitu.

Garufalia akamgeukia Menelao.

"Wewe. Una mdomo?"

"Mama ameshasema."

"Mama nimemsikia. Nakuuliza wewe."

Menelao akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya Ulaya, na alivitazama kwa mapenzi makubwa kuliko aliyowahi kumtazama nayo mtu yeyote mle ndani.

"Usimsumbue mwanangu," Evterpi akasema. "Muulize mama yako. Sisi ni watu wa kumwogopa Mungu. Msichana aliyewekwa nadhiri haposwi."

"Nadhiri gani?"

Mama Stamata, mama yao Garufalia na Froso, mjane wa nyumba hiyo, alikuwa ghafla ameona uchafu kwenye kitambaa cha meza na anausugua kwa kidole.

Garufalia akaliweka sinia mezani polepole, glasi hata hazikulia. Mimi nisingeweza. Mimi ningekuwa nimeshamvua mtu wigi.

"Mama," akasema. "Jikoni."

Jikoni nyama ya nguruwe ilikuwa inatokota pamoja na plamu kavu katika divai ileile. Keki ya jozi ilikuwa imeshakunywa shira yake. Kulikuwa na tini kavu, na jibini la kondoo la mwaka jana, gumu, la chumvi ya kuuma ulimi. Garufalia alikipanga chakula hicho kwa akili, maana baba alimfundisha: divai tamu haitaki kubembelezwa kwa utamu mwingine. Inataka mtu wa kugombana naye. Ipe chumvi, ipe njugu, ipe kitu chenye uchungu kidogo, ndipo utakapoijua.

Mama Stamata akafunga mlango. Na mnajua neno la kwanza lililomtoka? Nitawaambia, mjue ni mama wa namna gani.

"Divai ya chini inaendeleaje?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Umesema itakuwa tayari kuzimwa leo kabla jua halijatua."

"Itakuwa tayari. Na madirisha ya ghala bado yamefungwa, kama ulivyotaka."

"Harufu ingewafikia wageni."

"Mchana nilishuka, mwali wa mshumaa ukaanza kukonda. Nikakwambia tufungue. Ukasema wageni wakiondoka."

"Basi wakiondoka."

Ninyi wa mjini msiojua, sikieni mara moja tu. Maji ya zabibu yakichacha kwenye mapipa hutoa pumzi mbaya, isiyoonekana, yenye kuua, nayo hulala sakafuni. Ndiyo maana hakuna anayeshuka ghalani, chini ya nyumba, wakati wa mavuno bila mshumaa, ameushika usawa wa goti. Mwali ukifa, unageuka unakimbia, hata kama umesahau kiatu. "Mshumaa kwanza, mtu baadaye," baba yao alikuwa akisema. Mshumaa wenyewe hukaa ndani ya kopo, kwenye kibaraza kando ya mlango wa ghala.

"Nadhiri gani, mama?" Garufalia akarudia.

"Punguza sauti."

"Nadhiri gani?"

Mama akasogea mbali na mlango. "Baba yako alipokuwa anatapika damu, nilimwahidi Bikira. Nikasema akimfikisha Pasaka, wewe hutaolewa, utabaki nyumbani. Na Pasaka aliifikia. Basi."

"Ulimwahidi kweli?"

"Si nimekwambia?"

Garufalia akaishusha ikoni, picha takatifu ya Bikira, kutoka pembeni, akailaza juu ya meza, katikati ya unga na maganda ya jozi.

"Weka mkono hapa, useme tena."

Mama Stamata akautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Akaufuta kwenye aproni, upande mmoja, upande wa pili. Hakuuweka.

"Kumbe," Garufalia akasema. "Hata Bikira umemsingizia."

Hapo mama akapasuka. "Sasa ningefanya nini? Niambie! Ukiondoka wewe nani atazima divai? Froso huyu? Froso hajui pipa na ndoo! Mjomba wako anajua kuyaunda mapipa na kuyamaliza. Baba yako alikufundisha wewe peke yako, akafa na ulimi wake. Nyumba hii inakula kwa pua yako, Garufalia. Kwa sikio lako. Nikuache uende ukamfulie soksi mwana wa Evterpi?"

Na hapo hakusema uongo, lazima nikiri. Kuzima ndiko huko: kuna saa moja tu ya kumwaga spiriti ndani ya pipa ili divai iache kuchacha na utamu wake ubaki. Ukiwahi, umepika uji wa sukari. Ukichelewa, utamu wote umeshaliwa, umebaki na kitu kikali, kichungu, ambacho hata kanisa halikipokei kwa Komunyo. Garufalia aliijua saa hiyo kwa kusikiliza, amelaza sikio kwenye ubao. Hakuna mwingine bonde zima aliyeweza.

"Kwa hiyo ulitaka nizeekee chini kule."

"Usingekuwa peke yako. Ungelea watoto wa Froso."

"Watoto wa Froso na Menelao."

Nyama ikatokota. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nao hawakusema kikiwa nguoni mwako kinavaa aproni na kinakuita mwanangu.

Garufalia akaipakua nyama. Akalipanga jibini. Akakata keki vipande sawasawa. Kisha akarudi sebuleni na chakula chote, akakiweka mbele ya wageni, na kabla Evterpi hajatia uma mdomoni akasema:

"Nadhiri ni uongo. Hakuna nadhiri. Muulizeni mama."

Uma wa Evterpi ukasimama njiani.

"Stamata?"

Mama Stamata akaanza kulia. Na kilio kile, wapenzi, kilikuwa jibu tosha.

Sasa, Evterpi mnamchukia, najua. Kuna mama mmoja muuza samaki aliniambia anamtakia upele. Lakini tumpe haki yake. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye kiburi, ila hakuwa mwongo. Akaweka uma chini. Akafanya ishara ya msalaba. Akamgeukia mwanawe.

"Basi wewe, simama. Mimi sichezi na Bikira. Kama nadhiri ni uongo, mchumba wako ni huyu hapa. Ahadi ni deni. Binti yangu, chukua sinia lako."

Mmesikia? Chukua sinia lako!

Garufalia akalichukua. Safari hii glasi zikaanza kulia kidogo kidogo, ling, ling, ling. Mjomba Linardos akapiga meza. "Hayo ndiyo maneno! Nilisema mimi, ni utani!"

"Mimi sitaki," Menelao akasema.

Alikuwa amepata mdomo hatimaye, na tazameni alivyoutumia.

"Hutaki nini?" mama yake akauliza.

"Simtaki yeye. Nisameheni. Nadhiri au si nadhiri."

"Kwa nini?" Aliyeuliza ni Garufalia mwenyewe, sinia mkononi.

Menelao akainua macho, lakini hayakufika usoni kwake. Yaliishia mikononi. Mikono ya Garufalia ilikuwa myeusi mpaka vifundoni. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka mwezi huo. Ile rangi ya mavrodafni haitoki kwa sabuni wala kwa limau, inatoka ikitaka yenyewe, karibu na Krismasi.

"Miaka saba," Menelao akasema, "nimekaa chini ya ardhi na watu wenye mikono myeusi. Nilikuwa nalala naiona. Nimekuja nyumbani nikakuta mikono ileile. Nimechoka na weusi, Garufalia. Basi tu."

Mjomba akaweka kijiko chini.

Mimi ningempa neno. Mungu anisamehe, ningempa maneno mengi. Kwamba mikono hiyo ndiyo iliyolisha nyumba hii wakati yeye anasubiriwa. Lakini Garufalia hakuwa mtu wa hotuba. Aliuliza jambo dogo sana, jambo la kitoto.

"Chokoleti yangu iko wapi?"

"Chokoleti?"

"Pale stesheni uliniambia utaniletea chokoleti ya Ubelgiji, ile nyeusi, chungu. Ukasema tutaila wawili na glasi ya kwanza ya pipa langu. Kama hunitaki, hunitaki. Lakini hiyo uliniahidi. Nipe chokoleti yangu uende."

Menelao akawa mwekundu mpaka masikioni.

Evterpi akashangaa. "Kwani hakukupa? Si alikuletea tangu mwezi uliopita? Sanduku zima! Nililifunga mwenyewe kwa karatasi, nikaliacha na utepe wake ule mzuri wa..."

Akajiziba mdomo.

Wa bluu. Utepe wa bluu. Na macho yote mle sebuleni, ya mjomba, ya Evterpi, ya mama aliyekuwa analia, yakapanda pamoja mpaka kichwani kwa Froso.

Froso akaugusa ule utepe. Hakuwahi kuuvua. Pengine alikuwa ameshasahau ulikotoka, ndivyo walivyo watu wenye furaha.

"Dada," akasema, "nilitaka kukwambia."

"Ilikuwa tamu?"

"Dada..."

"Nauliza. Sijawahi kuonja."

"Ilikuwa chungu," Froso akasema, na machozi yakamtoka. "Mwanzoni ilikuwa chungu."

Mjomba Linardos akakohoa. "Menelao, mwanangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao..."

"Linardos, kula," Evterpi akamkata. Alikuwa amezeeka ghafla. "Yameshakuwa. Vijana wameamua kabla yetu, na mimi sina nguvu ya kulala mlangoni kumchunga mwanangu. Stamata, acha kulia, aibu hii ni yetu wote wawili. Tugonge glasi tumalize, twende nyumbani."

Na aliyezigawa zile glasi alikuwa nani? Garufalia. Alizunguka na sinia lake, mmoja baada ya mwingine. Mama, chukua. Mjomba, chukua. Mama Menelao. Menelao. Froso. Ya mwisho akabaki nayo mwenyewe. Walifikiri amekubali. Mama alifikiri hivyo, nikamwona akivuta pumzi. Ndiyo, nilimwona, mnataka kujua nilikuwa wapi? Kaeni na hamu yenu.

"Waishi!" mjomba akapaza sauti. "Waishi na wazae!"

"Waishi!" Glasi zikagongwa. Ling. Ling. Menelao, rangi imemrudi usoni, akanyoosha yake kwa Garufalia, karibu atabasamu.

Garufalia akaivuta glasi yake nyuma.

Ya Menelao ikabaki hewani, peke yake.

"Mungu amrehemu," Garufalia akasema.

Wasomaji wangu, sihitaji kuwafafanulia ninyi. Mmekaa kwenye matanga ya kutosha. Kwenye karamu tunagonga. Kwa ajili ya maiti hatugongi: mtu huinua glasi, huiweka mbali na ya mwenzake, husema Mungu amrehemu, hunywa. Hata mtoto wa kijiji hakosei. Na Garufalia hakukosea.

"Amrehemu nani?" Evterpi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelijua jibu.

"Menelao niliyemsubiri. Amefia Ubelgiji. Leo ndiyo nimepata habari."

Evterpi akaruka. Akamtemea mwanawe mara tatu, ftu, ftu, ftu, kufukuza shari. "Lirudishe neno lako! Mwanangu yu hai!"

"Garufalia, lifute!" mama akalia. "Gonga glasi! Gonga nayo!"

Menelao alikuwa bado ameshika glasi, midomo imepauka. Hapo Froso akafanya kosa lake. Kosa la upendo, nadhani, maana alikuwa anampenda dada yake, hilo halina ubishi. Mtu anaweza kukupenda na kula chokoleti yako. Akasogea, akanyoosha glasi yake kwa mikono miwili.

"Basi gonga na mimi, dada. Achana naye. Gonga na mimi."

Garufalia akaitazama ile glasi. Akautazama utepe.

Safari hii lile neno la matanga hakulitamka. Akaiweka yake mbali, karibu na kifua, akainua, akainywa yote. Miaka ishirini na saba ya pipa, funda moja.

Glasi ya Froso haikugongwa.

Na ni katika kimya kile ambapo Garufalia, kwa mazoea tu, alisikia. Chini ya mbao za sebule yale maji ya zabibu yaliyokuwa yakiunguruma tangu juzi yalikuwa yamebadilisha sauti. Yamekuwa mepesi, ya haraka. Mama naye akauona uso wa bintiye na akajua.

"Imefika," mama akanong'ona. "Garufalia. Divai."

Garufalia akafungua aproni yake. Akaikunja vizuri, akaiweka mikononi mwa mama.

"Izime wewe."

"Mimi siijui! Tangu baba yako afe sijashuka hata mara moja! Garufalia, ni mavuno yote! Itakuwa chungu!"

"Na iwe. Mimi leo nina msiba. Mwenye msiba hafanyi kazi."

Akachukua koti lake jeusi msumarini, akatoka uani. Nyuma yake mama akaanguka kwenye kiti, analia mavuno yake ya mwaka, analia pipa, analia kila kitu isipokuwa mtoto wake.

"Naenda mimi," Froso akasema.

"Wewe!" mjomba akacheka. "Wewe utaizima kwa machozi?"

"Nimemwona dada akifanya. Unamwaga mtungi mzima polepole, unakoroga. Mimi pia ni mtoto wa nyumba hii."

"Mwache aende," Evterpi akasema kwa uchovu. "Angalau nijue kama ninachukua mkwe au utepe."

Neno hilo lilimchoma Froso. Akafuta macho, akaukumbatia mtungi mkubwa wa kioo wenye spiriti, akatokea mlango wa nyuma. Menelao hakuinuka kumsaidia. Yeye aliyekaa miaka saba chini ya ardhi, anayejua hewa mbaya kuliko mtu yeyote mle ndani, alikuwa ameinamia sahani yake ya nyama na anachagua plamu.

Garufalia alikuwa ameshafika getini aliposikia komeo la ghala likifunguliwa. Hakugeuka. Akasikia viatu vya Froso kwenye ngazi za mawe, vinashuka, vinashuka, na mlango ukijibamiza wenyewe nyuma yake.

Akafungua geti. Mguu mmoja nje.

Kisha akageuka. Sijui kwa nini. Labda alitaka kuiona nyumba ya baba yake mara ya mwisho.

Utepe wa bluu ulikuwa umedondoka kizingitini mwa ghala. Madirisha ya chini yalikuwa yamefungwa, yote. Na pale kwenye kibaraza, ndani ya kopo lake, haujawashwa, ulikuwepo mshumaa.

Froso hakujua. Nani angemwambia? Kazi ya chini ilikuwa ya Garufalia. Froso aliona mtungi, aliona mwiko wa kukorogea. Mtu asiyejua haoni mshumaa. Anaona taa tu, na mchana kuna haja gani ya taa?

Garufalia akarudi mpaka kibarazani. Akauchukua. Akachukua na kiberiti.

Chini, mtungi ukapasuka.

Sebuleni hawakusikia. Mjomba alikuwa ameanza kuimba ili watu wasahau.

Nitawaambia ukweli, na wiki hii mtakaponisimamisha sokoni mtanitukana: Garufalia hakushuka. Bado. Alisimama na mshumaa mkononi, utamu wa ile glasi bado uko ulimini, na lile neno alilolinywa bila kulisema bado liko tumboni. Alimfikiria Menelao akichagua plamu. Alifikiria watoto wa Froso. Aliangalia mikono yake. Akahesabu pumzi zake mwenyewe, na kila pumzi aliyoivuta huku juu, kulikuwa na mtu chini asiyeivuta.

Kisha kutoka nyuma ya mlango ikaja sauti ndogo, nzito, ya mtu anayetaka kulala.

"Dada? Huku hakuna hewa. Dada, unatumia nini ukishuka?"

Mshumaa ulikuwa mkononi mwa Garufalia.